Mdhamini ni mtu wa nani? Kisa cha fedha za James, 1874

Mwaka 1874 mdai mmoja aitwaye James alifika mbele ya majaji wa rufaa jijini London akitaka arudishiwe fedha ambazo, kwa kanuni za kawaida za siku zile, zilikwisha kumponyoka. Hakuna aliyemwibia wala kumdanganya. Kila kilichotokea alikijua vizuri. Alichokosea ni sheria tu, na kwa kosa hilo Uingereza ya wakati huo haikuwa na huruma. Tangu 1802, katika kesi ya Bilbie v Lumley, ilikuwa imekubalika kwamba aliyelipa kwa kutoelewa ukweli wa mambo anaweza kudai chake, lakini aliyelipa kwa kutoelewa sheria ajilaumu mwenyewe, kwa kuwa kila mtu anahesabiwa kuwa anaijua sheria.

James alishinda. Kesi yake imo katika juzuu ya 9 ya ripoti za rufaa za Chancery, ukurasa wa 609, na wanasheria wa ufilisi wameibeba mpaka leo kwa jina la Ex parte James. Sentensi moja ndani yake inanukuliwa sana, ila mara nyingi inanukuliwa kama pambo. Mimi naona uzito wa kesi uko katika swali ambalo majaji walilijibu kabla ya kufika kwenye sentensi ile: mdhamini wa mali ya aliyefilisika, yaani yule anayekabidhiwa mali hizo ili azigawe kwa wadai, ni mtu wa nani?

Mdaiwa aliitwa Condon. James alikuwa na hukumu dhidi yake na akaikazia: mali za Condon zikakamatwa na kuuzwa. Condon akafilisika, na mdhamini aliyeteuliwa kusimamia mali zake akasema fedha za mauzo yale ni za mfuko wa wadai wote. Kwa jinsi sheria ilivyoeleweka wakati huo alionekana ana haki. James hakubishana na fedha zikaenda kwa mdhamini. Baadaye ikabainika kwamba tafsiri ile ilikuwa na makosa, na kwamba mdai wa namna ya James alistahili kubaki na alichokwisha kukipata kwa njia ya mahakama. James akarudi kuomba fedha zake. Mdhamini akakataa.

Kwa nini lile suala la nani ana haki lilikuwa gumu kiasi cha kumpoteza hata mdai mwenye wakili? Ufilisi wowote ni ugomvi kati ya aliyewahi na waliochelewa. Mdaiwa akianza kuyumba, wadai hukimbia. Wa kwanza anafuta deni lake lote, wa mwisho anakuta rafu tupu. Sheria ya ufilisi huja kuzisimamisha mbio hizo: inachora mstari, na kila kilichobaki upande wa ndani wa mstari kinagawanywa kwa wote kwa uwiano wa madeni yao. Mstari unachorwa siku gani hasa, na mdai aliyekuwa mguu mmoja ndani mguu mmoja nje anahesabiwa wapi, ndiyo mambo yaliyowatoa jasho majaji wa karne ya 19. Sheria ya Ufilisi ya 1869 ilikuwa na masharti yake kuhusu mali iliyokwisha kukamatwa na kuuzwa, na masharti hayo yalizaa kesi juu ya kesi. James aliangukia katika kipindi ambacho jibu lilikuwa bado halijatulia.

Mdhamini alikuwa na utetezi wa tabaka mbili. La kwanza ni hilo la 1802: umelipa kwa kukosea sheria, basi. La pili ndilo ambalo kila mfilisi, yaani msimamizi wa mali za aliyefilisika, hulitumia hadi leo, na si la kudharau. Fedha hizi si zangu. Mimi ninazishika kwa niaba ya wadai. Nikiwa mkarimu kwako, ninakuwa mkarimu kwa mfuko wa watu wengine, ambao tayari wamepoteza. Nani amenipa ruhusa hiyo?

Hapo ndipo Jaji wa Rufaa James alipotoa jibu lake. (Ndiyo, jaji naye aliitwa James, Sir William Milbourne James, majina yamegongana tu, na wanafunzi wengi wa sheria wamewahi kudhani jaji alijihukumia kesi yake.) Alisema kwamba mdhamini katika ufilisi ni ofisa wa mahakama. Mahakama imempa uwezo wa kuwahoji watu na kuchunguza, inamtambua kama mtu wake, naye anazishika fedha kwa amana ili zigawanywe kwa haki. Mahakama ikigundua kwamba ofisa wake ana fedha mkononi ambazo kwa haki ni za mtu mwingine, inapaswa kuwa mfano kwa ulimwengu kwa kumlipa mwenyewe. Kisha ikaja sentensi ile: kwa maoni yake, Mahakama ya Ufilisi inapaswa kuwa na uaminifu kama watu wengine. Jaji mwenzake, Mellish, alikubaliana naye.

Hayo maneno ya mwisho ukiyasoma haraka unayaona ya kawaida mno. Kama watu wengine. Kipimo hakijapandishwa mpaka kwa malaika. Jaji anasema tu kwamba mtu yeyote mwungwana akikuta mkononi mwake fedha zilizomfikia kwa kosa, hata kama hakuna sheria ya kumlazimisha, atazirudisha kwa sababu ataona haya. Na haiwezekani mahakama ikawa chini ya hapo. Sheria inamwezesha mtu binafsi kukaza ngumi na kusema sitoi, na baadhi watafanya hivyo. Mahakama haina nafasi hiyo, kwa sababu ndiyo inayowahukumu hao wenye ngumi.

Lakini hatua ya ujasiri haikuwa hapo. Ilikuwa ni kumwita mdhamini ofisa wa mahakama.

Chini ya sheria ya 1869 mdhamini aliteuliwa na wadai wenyewe. Utaratibu wa kabla yake ulikuwa na maofisa wa serikali waliosimamia mali za waliofilisika. Sheria mpya ikawaondoa na kuwakabidhi wadai usukani, kwa hoja kwamba fedha ni zao na wao ndio wenye uchungu nazo. Mwaka huohuo sheria nyingine ikakomesha kwa sehemu kubwa kuwafunga watu gerezani kwa madeni. Ilikuwa zama ya kuamini kwamba soko likiachiwa litajisafisha. Halikujisafisha. Wadai wengi hawakuwa na muda wa kufuatilia, na kazi ya udhamini ikageuka biashara ya watu waliozitafuna mali za waliofilisika kwa gharama zao. Ndiyo maana mwaka 1883 Joseph Chamberlain, akiwa waziri wa biashara, alipitisha sheria mpya iliyoleta ofisa wa serikali wa kupokea mali za muflisi, yaani aliyefilisika, na kuchunguza sababu za kufilisika kwake.

Kesi ya James imekaa katikati, 1874. Mdhamini aliyesimama mahakamani siku ile alikuwa mtu wa wadai kwa kila namna: wao walimchagua, na kwao ndiko alikoelekeza uso. Majaji wangeweza kusema tu kwamba huyu ni wakala wa kundi la watu, na wakala hana wajibu wa kuwa mwema kuliko sheria inavyomtaka. Badala yake wakatazama uwezo alionao. Mdai wa kawaida hawezi kumwita jirani yako aje ajibu maswali chini ya kiapo. Mdhamini anaweza. Mdai wa kawaida hawezi kuushika mfuko wa watu wote. Mdhamini anaweza. Uwezo huo wote ni wa kuazimwa kutoka mahakamani, na aliyeazimwa upanga wa mahakama ameazimwa pia na aibu yake. Kwa hiyo swali la ni nani aliyemchagua likapoteza uzito mbele ya swali la ni nani aliyempa nguvu.

Nadhani hoja hii ndiyo inayoujibu ule utetezi wa pili, ule wa fedha si zangu, ingawa kesi haikuisema kwa maneno haya. Wadai wana haki ya kugawana mali ya muflisi. Hawana haki ya kugawana makosa ya watu wengine.

Tuiweke kwa hesabu, maana kwa hesabu inaonekana vizuri. Namba ni zangu. Tuseme mali halisi ya muflisi ni pauni 1,000 na wadai wengine wote kwa pamoja wanadai 4,000. Kila pauni ya deni itapata senti 25. Sasa James alikuwa na pauni 200 ambazo ni haki yake, akazitoa kwa kukosea. Mfuko unakuwa 1,200. Lakini James naye sasa ni mdai wa kawaida wa pauni 200, hivyo madeni ni 4,200. Kila pauni inapata senti 28 na nusu hivi. James anaambulia pauni 57 kutoka katika 200 zake, amepoteza 143. Zimekwenda wapi? Kwa wale wadai wa 4,000, ambao kila mmoja amepandishiwa kama senti tatu na nusu kwa pauni. Hawakufanya lolote kuzipata. Hawakumkopesha Condon zaidi wala hawakuchelewa au kuwahi. Wameamka asubuhi na kukuta mezani chakula cha mtu.

Ukiangalia hivyo, kumrudishia James hakumwondolei mdai yeyote kitu alichokuwa nacho. Kunamrudisha kwenye senti 25 zilizokuwa zake tangu mwanzo. Hapo ukarimu haujaingia kabisa.

Kesi zilizofuata zilikwenda mbele na nyuma, na nitapita kwenye chache tu.

Mwaka 1885 likaja swali la vitendo ambalo kesi ya kwanza haikuligusa: je, kama mdhamini amekwisha kuzigawa fedha? Katika kesi ya Simmonds fedha zilizolipwa kwa kukosea sheria zilikuwa zimetoka tayari kama gawio, yaani mgao wa wadai. Mahakama haikwenda kuwanyang'anya wadai mikononi, wala haikumtaka mdhamini achomoe mfukoni mwake. Iliamuru alipwe kutokana na fedha nyingine zitakazoingia katika mfuko uleule. Nalipenda jibu hili kwa sababu ya ufundi wake. Waliofaidika ndio wanaorudisha, lakini wanarudisha kwa kupungukiwa kesho, si kwa kugongewa mlango leo. Mfilisi anayefanya kazi hii akiona barua ya mtu anayedai kwamba alilipa kwa makosa, na gawio liko njiani, somo lake liko hapa: zuia kiasi hicho kwanza. Mfuko ukishafungwa na hakuna kitakachoingia tena, hakuna kesho ya kupungukiwa.

Kesi ya Tyler ya 1907 ni ya kifamilia zaidi. Muflisi alikuwa na bima ya maisha. Mkewe akaendelea kuilipia bima ili isife, na ofisa aliyesimamia mali alijua kwamba analipa na akanyamaza. Muflisi alipofariki, bima ikatoa fedha na fedha zikawa za mfuko. Kisheria mke hakuwa na dai lolote: hakuna aliyemwomba alipe, na hakukuwa na mkataba. Mahakama ya Rufaa ikaamuru arudishiwe alichokilipa. Angalia hapa kosa halipo tena. Mke hakukosea sheria wala hesabu. Kilicholeta wajibu ni kunyamaza kwa ofisa, kukaa na kumtazama mtu akimwagilia shamba ambalo unajua mavuno ni yako. Kwa maoni yangu kesi hii ndiyo iliyoubadilisha msimamo wa James kutoka kanuni ya kurudisha fedha zilizopotea njia na kuufanya wajibu wa haki kwa mapana yake. Mwaka 1974, katika kesi ya Wyvern Developments, Jaji Templeman aliupeleka hata kwenye ahadi: ofisa wa ufilisi aliyekuwa ametoa neno aliruhusiwa kulitimiza, japo lilikosa nguvu ya mkataba.

Upande wa pili yuko Wigzell, 1921, na hapa wasomaji wengi hukwama. Amri ya ufilisi ilikuwa imetolewa dhidi ya mdaiwa lakini tangazo lake likasimamishwa. Katikati ya muda huo yeye akaendelea na akaunti yake ya benki kama kawaida, anaweka na anatoa. Benki haikujua kitu. Mdhamini akaja baadaye na kudai kila kilichowekwa baada ya amri, bila kuihesabia benki hata senti ya kile kilichotolewa. Benki ikasema: hii si haki, tulikuwa tunapokea na kutoa fedha za mtu huyohuyo. Ikashindwa.

Mara ya kwanza niliposoma kesi hii nilikasirika. Benki haikuwa na hatia kuliko James. Bado naona matokeo yake ni makali. Lakini weka hesabu ile ya juu mezani na tofauti inajitokeza. Fedha za James zilikuwa ndani ya mfuko, zimeuvimbisha. Fedha ambazo benki ilimpa Wigzell hazikuingia katika mfuko. Zilikwenda alikozipeleka yeye. Kuihesabia benki kungemaanisha wadai wapungukiwe chini ya kile walichostahili, ili kufidia hasara ambayo wao hawakufaidika nayo. Hivyo unaweza kuonewa na hali bila kuonewa na mfuko, na kanuni ya James inashughulikia la pili tu. Linganisha na kesi ya Thellusson, miaka miwili kabla, ambako mtu alimkopesha mdaiwa fedha siku ileile ya amri ya ufilisi bila kujua. Fedha zile ziliingia. Zikarudishwa.

Mwaka 1975 Jaji Walton alijaribu kuyafunga haya yote katika masharti manne. Kesi ilihusu Clark, mwenye kituo cha mafuta aliyeendelea kupokea petroli kutoka Texaco baada ya amri ya ufilisi, akaiuza na kuilipa Texaco, nayo Texaco haikujua. Mdhamini alitaka malipo yale yarudi kwenye mfuko. Yaani wadai wapate fedha za petroli na muuzaji asipate kitu. Walton alikataa, na masharti aliyoyatoa ni haya kwa ufupi: mfuko uwe umetajirika, mdai asiwe na njia ya kawaida ya kuwasilisha deni lake kama wadai wengine, isipokuwa katika mazingira ya pekee, hali iwe ambayo mtu mwaminifu anayeguswa mwenyewe angelazimika kukiri kwamba si haki abaki na fedha, na kinachorudishwa kisizidi kile kilichoutajirisha mfuko.

Ni orodha nzuri na imetumika sana, ila ina kichekesho ndani yake. Sharti la pili ukilishika kwa ukali, James mwenyewe analipita kwa tabu. Baada ya kutoa fedha alibaki na deni la hukumu ambalo, kwa ninavyosoma mimi, angeweza kuliwasilisha kwa mdhamini pamoja na wengine, akapata zile pauni zake 57 za mfano wetu. Nadhani ndiyo maana Walton aliacha mlango wazi kwa mazingira ya pekee. Masharti yaliyotungwa kuilinda kesi hayawezi kuanza kwa kumfukuza aliyeianzisha.

Mpaka hapa kulikuwa na jambo moja ambalo halijatulia: ni kiasi gani cha ubaya kinahitajika kabla mahakama haijamzuia ofisa wake? Lazima jambo liwe la aibu, la kumchefua mtu? Au inatosha kwamba si haki?

Jibu lilikuja mwaka 2020, na lilikuja kupitia maporomoko makubwa kuliko ya Condon. Lehman Brothers International (Europe), tawi la Ulaya la benki ya Marekani ya Lehman Brothers, iliwekwa chini ya wasimamizi, yaani wataalamu wanaokabidhiwa kampuni iliyozidiwa na madeni, tarehe 15 Septemba 2008. Miongoni mwa waliokuwa wanaidai ni kampuni ndugu ya Australia, nayo ikiwa mikononi mwa wafilisi. Pande mbili zikakubaliana kiasi cha dai na kukiweka katika hati yenye kifungu cha kuachiliana: tumemalizana, hakuna atakayemdai mwenzake tena. Baadaye ikagundulika kwamba katika kufika kwenye kiasi kile wote wawili walikuwa wamefanya kosa moja, na dai la Waaustralia lilikuwa limepungua kwa takriban pauni milioni 1.67. Wasimamizi walikubali kwamba kosa lipo. Wakaishikilia hati.

Mahakama Kuu iliwapa ushindi wasimamizi, kwa kuona kwamba kushikilia mkataba ulioingiwa kwa hiari si jambo la kuchukiza dhamiri. Mahakama ya Rufaa, uamuzi ukiandikwa na Jaji David Richards, ikaugeuza. Ilisema kipimo ni haki kwa jicho la mtazamaji wa nje. Huhitaji kuthibitisha kwamba wasimamizi ni watu wabaya au wamefanya kitu cha kuona haya. Unauliza kama kwa mazingira yote kitendo chao si cha haki. Na kipimo hicho kimelinganishwa na kile ambacho sheria ya Uingereza tayari inakitumia pale mdai anapolalamika kwamba msimamizi anamdhuru isivyo haki.

Kilichoniridhisha katika uamuzi huu ni kwamba umeiondoa aibu kwenye mizani. Kipimo cha aibu kilikuwa na ubaya wake: ili kumsaidia mlalamikaji ilibidi jaji amvunjie heshima mtaalamu aliyekuwa, kwa dhati kabisa, akidhani anatimiza wajibu wake kwa wadai. Majaji husita kufanya hivyo, na kusita kwao humgharimu mlalamikaji.

Kinachonisumbua ni ile hati. Pande zote mbili zilikuwa na wataalamu na mawakili. Ufilisi mkubwa kama ule haufungwi bila watu kuweza kuamini kwamba kilichosainiwa kimesainiwa. Kama wadai wote wa kawaida wangekuwa bado wanapigania senti, ningekuwa upande wa wasimamizi. Lakini hawakuwa. Mfuko wa Lehman ulikuwa umewalipa wadai wasio na dhamana madeni yao yote na ukabakiwa na ziada ya mabilioni ya pauni. Ile milioni 1.67 isingemwacha mtu yeyote na deni lisilolipwa. Ingekwenda tu kuinenepesha ziada ya watu ambao hata wao hawakuwa na haki nayo. Tumerudi kwenye chakula cha mtu mezani.

Kuna mipaka, na mmoja ni mgumu. Mwaka 2013, katika kesi ya Nortel, Lord Neuberger wa Mahakama ya Juu aliweka wazi kwamba kanuni ya James haiwezi kutumiwa kubadili foleni ya malipo iliyopangwa na sheria. Hakimu hawezi kumpandisha mdai wa nyuma kwa sababu tu anamwonea huruma. Hilo halihitaji maelezo mengi: foleni ndiyo ufilisi wenyewe.

Mpaka wa pili ndio unaonifanya niliulize tena lile swali la mwanzo. Mwaka 1987 Mahakama ya Rufaa iliamua, katika kesi ya T. H. Knitwear, kwamba mfilisi wa kampuni iliyojifunga kwa hiari si ofisa wa mahakama, na kwa hiyo kanuni ya James haimhusu. Mfilisi aliyewekwa kwa amri ya mahakama inamhusu. Msimamizi inamhusu, hata akiteuliwa nje ya mahakama, kwa sababu sheria inamtaja wazi kuwa ofisa wa mahakama. Lakini yule wa hiari, ambaye huenda ni mtaalamu yuleyule, katika ofisi ileile, akifungua barua ya mtu aliyelipa kwa makosa, yeye anaruhusiwa kuwa na uaminifu pungufu ya watu wengine.

Kimantiki uamuzi haukukosea. Kama nguvu ya kanuni inatoka kwenye upanga ulioazimwa mahakamani, asiyeazimwa hadaiwi. Ila mlipaji hachagui aina ya ufilisi. Wanaochagua ni wanachama wa kampuni, kwa azimio lao, na wao huliangalia jambo kwa gharama na haraka. Mtu wa nje aliyetuma fedha mahali pasipo pake anaonewa au haonewi kutegemea kikao ambacho hakualikwa.

Kwa bahati James wa leo ana njia nyingine. Mwaka 1998, katika kesi ya Kleinwort Benson dhidi ya Lincoln, Bunge la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, liliifuta ile kanuni ya 1802, na aliyelipa kwa kukosea sheria sasa anadai kama aliyekosea jambo lingine lolote. Angemfungulia mfilisi wa hiari dai la kawaida la kurejeshewa fedha bila kumkumbusha mtu kuhusu uaminifu. Lakini mtu wa namna ya mke wa Tyler, ambaye hakukosea chochote, mbele ya mfilisi wa hiari bado hana pa kushika.